Sikilizeni Injini ya Kisiagi Chenu



Kikundi kimoja cha akina mama huku Korogocho kilinunua kisiagi cha dizeli kwa michango yao ya kila wiki. Siku moja injini ikaanza kugonga kwa chini: du, du, du. Kijana wa kusaga aliisikia, lakini foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyewahi kumwambia ana ruhusa ya kuzima. Akasaga siku tatu. Kumbe oili imekwisha! Beringi zikaliwa, krenki ikaharibika, na akiba ya mwaka mzima ikaishia kwa mafundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Injini ya dizeli haina plagi. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897, aliiunda ikandamize hewa mpaka iwe moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hivyo kugonga kidogo ni kawaida yake, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Kitu cha kuogopa ni mlio uliobadilika.

1. Kwiii, mahindi yakiingia. Mara nyingi belti imelegea na inateleza. Zimeni injini kwanza, halafu mkaze. Msipake sabuni wala grisi.

2. Tik-tik-tik kwa juu. Nafasi ya valvu imekuwa kubwa. Fundi aipime na kuirekebisha. Ni kazi ndogo.

3. Kok-kok kali, pamoja na moshi mwingi. Huenda noozeli ni mbovu, ama pampu inatuma dizeli kabla ya wakati wake. Angalieni pia mnanunua dizeli wapi. Ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu inakosa ulaini na inakwisha haraka. Ni kwa sababu ya mchezo huo serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Msifungue paipu ya noozeli injini ikizunguka! Dizeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Aliyetobolewa aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

4. Fss-fss kwa silinda hedi, na nguvu inapungua. Gasketi inavuja. Msingoje iungue yote.

5. Du-du nzito kwa chini, inayozidi mzigo ukiongezeka. Zimeni saa hiyo hiyo! Pimeni oili kwa kijiti. Pengine ni flaiwili imelegea tu, pengine ni beringi za konrodi. Fundi ndiye atajua. Kuongeza oili hakuponyi beringi iliyokwisha kuliwa.

Kabla ya kumwita fundi, andikeni: mlio ulianza lini? Ni juu au chini? Injini ikiwa baridi au moto? Ikiwa na mzigo au bila? Hapo hatakisia kwa pesa zenu. Akibadilisha kipuri, awape kile cha zamani mkione.

Mwisho, jambo hili liingie kwenye kumbukumbu za mkutano: anayesaga ana ruhusa ya kuzima injini bila kumngoja mwenyekiti, na hatakatwa malipo kwa siku hiyo. Yeye ndiye masikio ya kikundi. Mkimfunga mdomo, mtasikia habari kwa fundi, pamoja na bei yake.

Maswali ya kujadiliana
- Kwetu, nani anapima oili kila asubuhi?
- Tumeweka akiba ya matengenezo, ama tunagawana yote?