Sura ya 4: Umaskini wetu mbele ya majaji wa Cannes

Mtu wa Likasi akitazama filamu iitwayo Makala haoni jambo geni. Baiskeli imebebeshwa magunia ya makaa hadi kumpita mwenyewe kimo, inasukumwa tu, haipandiki, huku malori yakiimwagia vumbi. Mfaransa Emmanuel Gras anamfuata kijana Kabwita Kasongo anapoangusha mti mkubwa kwa shoka, anauchoma chini ya udongo, kisha anasukuma mzigo kilomita zipatazo 50 hadi Kolwezi. Mwaka 2017 filamu hiyo ilipata Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki katika tamasha la filamu la Cannes. Je, ni heshima kwa Katanga kujulikana kwa magunia hayo?

Wahindi waligombana juu ya swali hilo kabla yetu. Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, inahusu familia fukara ya kijiji cha Bengal, na Cannes iliituza mwaka 1956. Mwaka 1980 Nargis, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa mbunge, alimlaumu Ray kwamba anauza umaskini wa India nje. Lakini Nargis mwenyewe aling'ara katika Mother India ya 1957 akiigiza mama fukara wa shambani, na filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar. Kwa hiyo ugomvi wao haukuwa kama maskini aonyeshwe, bali aonyeshwe vipi.

Mimi hupima kwa maswali mawili. La kwanza: tunaonyeshwa mtu, au shida tu? Hapo Makala inafaulu. Tunamwona Kabwita akivutana bei na wanunuzi, akidaiwa malipo njiani, akiulizia mabati ya nyumba anayoiota na kukuta bei inamshinda. Ni mtu mwenye mipango.

La pili: chanzo cha shida kinaonekana? Hapo filamu inanyamaza. Haisemi kwa nini miji yetu inapikia bukari kwenye mbabula ya makaa wakati bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linazalisha umeme tangu 1930, na lile la Nzilo, karibu na Kolwezi, tangu miaka ya 1950. Mabwawa hayo yalijengwa ili kuendesha migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière. Jiko la raia halikuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana Kabwita hakosi wateja, na ndiyo maana pori linazidi kurudi nyuma.

Wenyeji wameanza kusimulia upande huo. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi walitoa Machini, filamu fupi ya vibonzo ambamo vijiwe vinageuka watu wanaoishi chini ya moshi wa kiwanda. Hapo kiwanda chenyewe kinashtakiwa.

Basi tusimwombe mgeni afiche umaskini wetu. Tumdai aonyeshe pia nani anafaidika nao, na vijana wa Likasi wapate kamera na mafunzo ili wasisubiri mgeni aje kuwasemea.