Dawa Katika Farasi wa Mbio: Adhabu Humwangukia Nani?

Mkulima mmoja wa upande wa Kitengela, ambaye hukata nyasi za Boma Rhodes na kuziuza marobota kwa marobota (beli, kama wengi wasemavyo), ametuletea swali. Mnunuzi wake mmoja ni mfunza farasi wa mbio. Juzi mnunuzi huyo alikataa marobota 40 kwa sababu aliona gugu ndani yake, akasema kuwa nyasi hizo zingeweza kumnyang'anya leseni yake. Mkulima auliza: Gugu litamnyang'anyaje mtu leseni? Na ikiwa kosa limo katika nyasi, mbona aadhibiwe mfunza farasi wala si yule aliyeuza nyasi?

Swali ni zuri, na jibu lake lafaa hata kwa mtu ambaye hajapata kushika hatamu ya farasi, kwa maana sharti la namna hiyo hiyo lamhusu kila mtu auzaye maziwa na nyama.

Hapa kwetu mbio za farasi hufanywa katika uwanja ulio kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1954. Chama kinachozisimamia huitwa Jockey Club of Kenya. Mfunza farasi ni mtu alipwaye na mwenye farasi ili amlishe mnyama, amzoeze mbio, na kumfikisha uwanjani akiwa mzima. Chini yake wako masaisi, ambao hulala karibu na mazizi na kuwajua farasi kuliko mtu mwingine ye yote. Lakini leseni ni ya mfunza farasi, na mwenye leseni ndiye mwenye kujibu.

Watu wengine hudhani kuwa farasi wa mbio haruhusiwi dawa kabisa. Sivyo. Farasi akiugua hutibiwa kama mnyama mwingine. Linalokatazwa ni kumleta uwanjani na dawa ingali mwilini, na ziko dawa chache ambazo hazikubaliwi siku yo yote, hata kama farasi yumo zizini akipumzika. Sababu ya kwanza ni fedha, kwa kuwa watu huweka pesa zao juu ya farasi, nao wana haki ya kuona mbio za kweli. Sababu ya pili kwangu mimi ni kubwa zaidi. Farasi mwenye mguu mbovu akipewa dawa ya kuzima maumivu, kama ile iitwayo fenilibutazoni, hasikii tena onyo la mguu wake. Hukimbia kwa nguvu zake zote mpaka mfupa ukavunjika, na mpandaji huanguka pamoja naye.

Baada ya mbio, farasi waliochaguliwa hupelekwa mahali pa faragha, wakachukuliwa mkojo au damu. Desturi katika nchi nyingi ni kugawanya kilichochukuliwa sehemu mbili na kuzitia lakiri mbele ya mtu wa mfunza farasi. Sehemu moja hupimwa; ya pili huwekwa. Ikiwa dawa imeonekana katika ile ya kwanza, mfunza farasi aweza kuomba ya pili ipimwe, ili asihukumiwe kwa kosa la mpimaji.

Ikiwa zote mbili zina dawa, swali la kwanza haliwi "Nani aliyeitia?" Swali ni "Farasi huyu alikuwa chini ya ulinzi wa nani?" Jambo hili huwashangaza wengi, lakini sisi wafugaji tunalijua. Ng'ombe wako akiingia usiku katika mahindi ya jirani, wazee hawataanza kwa kuuliza kama wewe ndiwe uliyemfungulia. Utalipa mahindi kwanza, kisha utafute mwenyewe nani aliyeacha lango wazi. Kama mfunza farasi angeachiliwa kila aliposema "sikujua", hakuna ambaye angejua kamwe.

Adhabu zenyewe hupanda kama ngazi. Kwanza farasi huondolewa katika ushindi na zawadi hurudishwa. Kisha huja faini, na kusimamishwa leseni kwa siku au miezi. Juu yake ni kufukuzwa katika kazi kwa miaka, na mtu aliyefukuzwa hivyo haruhusiwi hata kuingia uwanjani. Palipo na udanganyifu mkubwa, serikali huchukua shauri na mtu hufungwa gerezani. Katika Marekani, tangu Mei 2023, dawa zilizokatazwa kabisa zaweza kumletea mfunza farasi adhabu ya hadi miaka 2 kwa kosa la kwanza.

Tutazame mashauri mawili yaliyojulikana dunia nzima.

La kwanza ni la Mahmood Al Zarooni, aliyekuwa akifunza farasi wa Sheikh Mohammed wa Dubai katika mji wa Newmarket, Uingereza. Mwezi wa Aprili 2013 ilionekana kwamba farasi wake wamepewa steroidi, yaani dawa za kujaza misuli. Alikiri juu ya farasi 15. Alijitetea kwamba farasi wale hawakuwa wakishindana wakati huo, kwa hiyo hakudhani kuwa anavunja sheria. Wasimamizi hawakukubali, kwa kuwa misuli iliyojengwa kwa dawa hubaki hata dawa ikiisha kutoka. Alifukuzwa miaka 8, nao farasi wakazuiwa kushindana miezi 6. Mwenye mali alikuwa mfalme na tajiri mkubwa. Hata hivyo farasi wake walikaa zizini.

La pili lina mafunzo zaidi, kwa sababu dawa ilikuwa kidogo mno. Tarehe 1 Mei 2021, farasi aitwaye Medina Spirit alishinda mbio kuu za Kentucky Derby huko Marekani. Mfunza wake, Bob Baffert, alikuwa mashuhuri kupita wote katika nchi ile. Katika damu ya farasi ilionekana betamethazoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kiasi cha pikogramu 21 katika mililita moja. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni moja, na kila kipande kikagawanywa tena mara milioni moja. Jicho haliwezi kuona kitu kama hicho, wala ulimi kukionja. Baffert na mawakili wake walieleza kwamba farasi alikuwa na ugonjwa wa ngozi, akapakwa marhamu yenye dawa hiyo, hakuchomwa sindano.

Wasimamizi walijibu kwamba sharti halikusema "sindano". Lilisema dawa hiyo isionekane siku ya mbio. Mwezi wa Februari 2022 farasi alinyang'anywa ushindi, mfunza akasimamishwa siku 90 na kutozwa faini ya dola 7,500. Wenye uwanja wenyewe walikuwa wamekwisha kumfungia mlango kwa miaka 2, kisha wakaongeza. Hakuruhusiwa tena mpaka mwaka wa 2024. Farasi aliyefuata, Mandaloun, ndiye aliyehesabiwa mshindi, lakini watu walioweka pesa zao juu yake hawakulipwa, kwa kuwa malipo hufungwa siku ile ile ya mbio. Medina Spirit mwenyewe hakuwapo kunyang'anywa cho chote: alikuwa amekufa tangu Desemba 2021 katika mazoezi.

Msomaji atasema kuwa adhabu hiyo ni kali kwa marhamu ya ngozi. Labda. Lakini mtu anayesoma karatasi ya dawa kabla ya kuifungua chupa hafiki huko. Wale ambao hawakustahili huruma hata kidogo ni watu kama Jorge Navarro, aliyehukumiwa miaka 5 gerezani huko New York mwezi wa Desemba 2021 kwa kuwapa farasi dawa za siri kwa makusudi.

Sasa turudi kwenye nyasi. Dawa nyingi duniani hutoka katika mimea, kwa hiyo farasi aweza kula kile ambacho hakuna aliyempa. Mwaka wa 2014 farasi wa Malkia Elizabeth wa Uingereza (ndiye yule aliyefikiwa na habari za kifo cha baba yake akiwa hapa Kenya mwaka wa 1952) alikuwa wa pili katika Gold Cup ya Ascot. Farasi huyo, Estimate, alionekana na mofini mwilini. Chakula chake kilikuwa kimechanganyika na mpopi, mmea uzaao mofini. Hakuna aliyesema kuwa Malkia au mfunza wake amedanganya. Hata hivyo nafasi ya pili ilikwenda, na zawadi pia. Tena mwezi wa Oktoba 2020, kabla ya mbio kubwa za Longchamp, Paris, mfunza mashuhuri wa Ireland, Aidan O'Brien, aliwaondoa farasi wake wanne siku moja, kwa sababu chakula walichonunuliwa kilionekana kuwa na zilpateroli, dawa ambayo nchi nyingine huwapa ng'ombe wa nyama ili wanenepe.

Katika mashamba ya Kitengela, Isinya na Kajiado gugu la kuogopa ni mnanaha, lile lenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba. Ndani yake mna atropini, na atropini imekatazwa siku ya mbio. Gugu hili hupenda mahali palipolala ng'ombe na kingo za shamba. Ling'olewe kabla halijazaa mbegu, wala mtu asingoje siku ya kukata nyasi, kwa maana likiisha kukauka ndani ya robota halitambulikani upesi. Nyasi zilizo na mnanaha zisipewe ng'ombe wala punda. Ni sumu kwao vile vile. Makapi ya kahawa nayo yasiwekwe karibu na nyasi za farasi, kwa sababu yana kafeini.

Magunia ni jambo jingine. Gunia lililotiwa chakula cha kuku au cha ng'ombe lisitiwe chakula cha farasi au punda. Vyakula vingine vya kuku na ng'ombe vina dawa iitwayo monensini, ambayo kuku huivumilia lakini farasi hufa kwayo. Hapo shauri si la leseni tena.

Kwa hiyo mnunuzi wa nyasi hakuwa na kiburi. Wasimamizi watamwuliza yeye, naye atakuja kumwuliza mkulima, na asiporidhika atanunua kwingine. Hiyo ndiyo adhabu ya muuzaji, ijapokuwa haikuandikwa katika kanuni za mbio.

Nilisema kuwa jambo hili lawahusu wauzao maziwa na nyama. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa penisilini, au homa kwa oksitetrasaiklini, hubaki na dawa katika maziwa kwa siku kadhaa, na katika nyama kwa siku nyingi zaidi. Siku hizo za kungoja huandikwa katika karatasi ya dawa, nazo hazifanani kwa kila dawa. Dawa za kupe pia zina siku zake. Ukitia dawa katika chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne hayauzwi, kwa kuwa dawa hupita katika damu. Kuyachemsha hakusaidii. Na ukiyachanganya katika kopo moja na maziwa ya ng'ombe wengine, kopo zima limeharibika. Hayo ndiyo maziwa yanayokataa kuganda, na mwenye kununua hujua mara moja.

Sheria ya vyakula ya Kenya, Sura ya 254, humkataza mtu kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru, na auzaye ndiye ashitakiwaye, hata kama sindano ilichomwa na mwingine. Mwenye kutibiwa ng'ombe wake na amwulize Bwana Mifugo maneno mawili kabla hajaondoka bomani: siku ngapi kwa maziwa, na siku ngapi kwa nyama. Kisha aandike katika daftari jina au rangi ya ng'ombe, tarehe ya sindano, dawa iliyotumika, na tarehe ya kwanza ambayo maziwa yake yataruhusiwa kuingia katika kopo. Asiyejua kuandika amfunge ng'ombe huyo kamba nyekundu shingoni, ili hata mkamuaji mgeni aone.