Naqi'a, nkambo aliyeapisha jamaa ya mfalme

Mpendwa msomaji, kamata Biblia yako, fungua 2 Wafalme 19:37. Utakuta pale Senakeribu, mfalme wa Ashuru, anauawa na watoto wake mwenyewe, na Esar-hadoni anatawala pahali pake. Mara mingi tunasoma ule mstari na kupita. Lakini umekwisha kujiuliza mama ya Esar-hadoni alikuwa nani?

Jina lake Naqi'a. Kwa luga ya Ashuru aliitwa pia Zakutu. Majina yote mawili maana yake ni moja: "safi".

Mwanamke wa jumba

Kule Ashuru, bibi mkubwa wa mfalme aliitwa "mwanamke wa jumba". Alama yake ilikuwa nge. Usifikiri kazi yake ilikuwa kujipamba tu! Alikuwa na mashamba, watumishi, hata askari wake. Utajiri pia ulikuwa mwingi: kati ya 1988 na 1990, wachimbaji wa mambo ya kale wa Irak walikuta makaburi ya malkia chini ya jumba la Nimrud, mji ambao Biblia inauita Kala. Walitoa mule zaidi ya kilo 30 za vitu vya zahabu.

Naqi'a yeye alituachia kitu kingine: maneno yaliyoandikwa juu ya udongo.

Wivu ndani ya nyumba

Senakeribu alichagua Esar-hadoni kuwa mrithi, na kumbe mtoto huyo alikuwa na wakubwa wake. Bayaya wakajaa wivu, Esar-hadoni akakimbia mbali. Mwaka 681 mbele ya Kristo, baba akauawa. Esar-hadoni akarudi na jeshi, akashika kiti. Sasa Naqi'a ni mama ya mfalme. Akamjengea mtoto wake jumba kule Ninawi.

Mwaka 672 Esar-hadoni alipanga urithi wake mapema: Ashurbanipal atatawala Ashuru, na ndugu yake Shamash-shum-ukin atatawala Babeli. Mwaka 669 akafa njiani, akienda kupiga vita Misri.

Kiapo cha nkambo

Ile damu ya 681 ingeweza kurudi. Basi Naqi'a, sasa nkambo, akasimama. Akaapisha Shamash-shum-ukin wa kwanza, kisha ndugu wengine, jamaa yote ya mfalme, wakubwa wa serikali na watu wa Ashuru. Waliapa kutomfanyia Ashurbanipal mabaya. Na mtu akisikia neno baya juu yake, aje kumwambia yeye na nkambo wake, hata kama mwenye kusema ni ndugu.

Ashurbanipal akatawala. Miaka 17 ikapita. Lakini mwaka 652 Shamash-shum-ukin akavunja kiapo, akaasi. Babeli ikazungukwa na jeshi, njaa ikaingia, na mwaka 648 mji ukaanguka. Shamash-shum-ukin akafa mule.

Na kwetu?

Ndugu msomaji, Naqi'a alifanya alichoweza, na watu walipata miaka 17 bila vita ya ndugu na ndugu. Si kidogo. Lakini kiapo kilifunga mikono. Wivu, nani angeutoa moyoni?

Baba na mama, leo jioni, kisha chakula, ulizeni watoto: kuna mmoja anayeona mwenzake anapendwa kumpita? Msikilize mpaka mwisho, hapana kumkatiza. Neno hilo ni vizuri litoke wazazi wangali hai.