Nyumba ya zamu visiwani: soma karatasi kabla ya jina

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

MIAKA ya nyuma, ukimwambia jirani yako hapa Nyamirambo kwamba unakwenda Zanzibar, alikuuliza umefuata mzigo gani. Safari ya bahari ilikuwa ya biashara. Siku hizi mambo yamebadilika. Wapo walimu, wauguzi, wenye maduka na wasafirishaji wanaodunduliza mwaka mzima ili wawapeleke watoto Nungwi au Paje, wakaone maji yasiyo na ng'ambo.

Sisi tuliokulia uhamishoni Tanzania hamu hiyo tunayo tangu shuleni. Mimi nilisoma Karagwe, mkoani Kagera, na bahari niliichora kwenye ramani miaka mingi kabla ya kuiona kwa macho. Wenzangu waliosomea Uganda, Burundi au Kongo watasema yao, lakini hamu ni ile ile.

Penye hamu, muuzaji hakosekani. Kuna biashara moja ambayo kwa Wazungu ni ya zamani, na sasa inawafikia watu wa kipato cha kati katika miji yetu. Wenyewe wanaiita taimushea. Unalipa fedha nyingi kwa mara moja, na kwa malipo hayo unapata haki ya kukaa katika nyumba au hoteli ya ufukweni kwa wiki moja kila mwaka, kwa miaka mingi.

Kwa mtu aliyepita shule jambo hili si gumu kulielewa. Ni kama mwalimu wa zamu. Shule ni moja, walimu ni wengi, kila mmoja ana wiki yake. Nyumba moja inaweza kuwa na wateja zaidi ya hamsini, kila mmoja na zamu yake. Tofauti ni kwamba mwalimu wa zamu halipii zamu.

Kilemba au kodi?

Mwishoni mwa mwaka 2024 kikundi chetu cha kuweka akiba, ikimina kama tunavyoita hapa, kilialikwa katika ukumbi wa hoteli moja ya mjini. Tuko kumi na wawili: walimu watano, na saba ni wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Rusumo kila mwezi. Tulilishwa vizuri, tukaonyeshwa picha za mchanga mweupe na minazi, kisha tukaletewa hesabu.

Bei ilikuwa dola 9,000 kwa wiki moja kila mwaka, kwa miaka 25, katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi. Juu yake kulikuwa na ada ya matunzo ya dola 500 kila mwaka. Dola 9,000 wakati ule zilikuwa zaidi ya faranga milioni 12. Kikundi kilikuwa na karibu nusu yake. Nusu nyingine tulishauriwa tukakope.

Dada mmoja anayeuza vitenge alinyoosha mkono. "Samahani kaka, naomba nielewe. Hizi elfu tisa ni kilemba au ni kodi?"

Muuzaji alicheka, akasema hilo ni neno la sokoni. Ni kweli ni la sokoni, na ndiyo maana lilikuwa swali bora la usiku ule. Mfanyabiashara anajua kwamba ukipewa fremu nzuri Kariakoo, kwanza unatoa kilemba ndipo uingie, na baada ya kuingia bado unalipa pango. Kilemba hakikufanyi kuwa mwenye nyumba. Na ukitaka kutoka, kilemba chako kinarudi tu kama yupo mtu mwingine wa kukitoa.

Nini hasa kinauzwa

Neno moja linaficha bidhaa nne tofauti, na mnunuzi asipozitenganisha atalinganisha ng'ombe na baiskeli.

Ya kwanza ni wiki maalumu katika nyumba maalumu yenye hati. Ya pili ni haki ya kutumia kwa muda uliotajwa, na muda ukiisha kila kitu kinabaki kwa mwenye hoteli. Ya tatu ni pointi: badala ya wiki unapewa alama za kutumia katika hoteli mbalimbali za kampuni ile ile. Ya nne ni uanachama wa kubadilishana, yaani unatoa wiki yako ya hapa ili upate wiki ya mtu mwingine kule.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1963 kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianza kuuza hisa zilizompa mnunuzi haki ya kukaa katika nyumba zake za mapumziko. Mwaka 1974 RCI ilianzishwa Indianapolis, Marekani, kwa ajili ya kubadilishana zamu, na mwaka 1976 ikafuata Interval International. Baadaye kampuni kubwa za hoteli na burudani zikaingia: Marriott mwaka 1984, Disney mwaka 1991, Hilton mwaka 1992.

Majina haya yana uzito, na wauzaji wanayatumia sana. Lakini jambo la kuangalia ni kwamba jina la kubadilishana si jina la mwenye hoteli. Hoteli ikiandikishwa RCI, haina maana kwamba RCI ndiye mwenye hoteli, wala kwamba anadhamini fedha zako.

Vile vile majina hubadilika. Mwaka 2021 Hilton Grand Vacations ilinunua Diamond Resorts, na wateja wa Diamond wakajikuta chini ya mwenye mali mwingine. Mwaka huo huo Wyndham Destinations, wenye RCI, walibadili jina wakawa Travel + Leisure. Mkataba wa miaka 25 unaweza kupita mikononi mwa watu watatu kabla haujaisha.

Kuna la zaidi kwetu. Visiwa vinavyosifika katika vitabu vya kampuni hizo kubwa ni vya mbali: Hawaii, Aruba, Phuket. Ukiwa na pasipoti ya Rwanda, Hawaii inahitaji viza ya Marekani, na pointi hazikupi viza. Zanzibar, kwa upande mwingine, unaweza kupanda basi Nyabugogo, uvuke Rusumo, uende takriban kilomita 1,500 hadi Dar es Salaam, kisha upande boti. Safari inachosha, lakini ni safari ambayo mtu wa kawaida anaiweza.

Ardhi ya visiwani si ya kuuzwa ovyo

Hapa ndipo sisi tuliorudi tunapaswa kuwa makini kuliko wote, maana tukifika Tanzania tunajiona wenyeji. Tunajua lugha, tunajua vyakula, wengine tuna majirani wa utotoni kule. Sheria ya ardhi haiangalii lafudhi.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ilithibitisha kuwa ni mali ya umma. Mwekezaji wa kigeni hukodishwa kwa muda. Kisiwa cha Mafia kiko upande wa Bara, ambako Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, humpa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, iwe Lamu au Wasini.

Wapo wanaosema Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta mipaka hiyo. Haijafuta. Rwanda iliingia Jumuiya mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, lakini itifaki hiyo iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi.

Kwa hiyo liko swali ambalo kila mnunuzi anapaswa kuuliza: hoteli yenyewe imebakiza miaka mingapi katika mkataba wake wa ardhi? Kama imebakiza miaka 15, inawezaje kukuuzia zamu 25?

Hapa Rwanda tumezoea kudai hati. Uandikishaji wa ardhi uliofanyika nchi nzima kuanzia mwaka 2009 ulipima viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, na mtu anajua chake kwa namba. Aliyewahi kurudi nyumbani akakuta hana karatasi ya kuonyesha anajua thamani ya namba hiyo. Tusiiache tabia hiyo mpakani kwa sababu tu mbele yetu kuna minazi.

Mali bila daftari

Sasa tufungue daftari. Chukua bei ile ile ya dola 9,000, ada ya dola 500, na kifungu kilichosema ada inaweza kupanda asilimia 5 kwa mwaka.

Kwa kupanda hivyo, ada ya mwaka wa kumi ni takriban dola 776. Jumla ya ada za miaka kumi ni karibu dola 6,290. Ukijumlisha na bei ya kununulia, umetoa dola 15,290 kwa wiki kumi, yaani zaidi ya dola 1,500 kwa wiki, kabla hujalipa nauli wala sahani moja ya wali.

Upande wa pili weka nyumba ya wageni ya kawaida ufukweni, tuseme kwa dola 60 kwa usiku. Wiki moja ni dola 420. Hata bei hiyo nayo ikipanda asilimia 5 kila mwaka, miaka kumi itakuwa karibu dola 5,280. Maana yake ni kwamba katika mfano huu ada peke yake, bila kugusa zile elfu tisa, imezidi gharama yote ya kupanga. Na mwaka ambao mtoto ameugua au biashara imelala, anayepanga haendi na halipi. Mwenye zamu asipokwenda analipa.

Kuna mwiba mwingine. Ada ni ya dola, mishahara yetu ni ya faranga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa faranga 700 na kitu. Mwaka 2025 ilipita 1,400. Ada ya dola 500 ambayo isingepanda hata senti moja ingekuwa imejizidisha mara mbili mfukoni mwa mwalimu wa Kigali.

Wiki ipi?

Wenye biashara hii huzigawa wiki kwa msimu. RCI, kwa mfano, wamezitambulisha kwa rangi: nyekundu ni za msimu wa wageni wengi, nyeupe za kati, buluu za msimu mfu. Wiki ya bei rahisi visiwani mara nyingi ni ya masika, kati ya Machi na Mei, wakati mvua ni kubwa na baadhi ya hoteli hufunga.

Mwalimu wa Rwanda ana mapumziko mafupi karibu na Aprili, na marefu kuanzia Julai hadi mwaka wa shule unapoanza Septemba. Aprili ni mvua; Julai na Agosti ni msimu ghali. Mfanyabiashara naye hawezi kuacha meza yake Desemba. Wiki isiyolingana na kazi yako ni zamu ya mtu mwingine unayoilipia wewe.

Nani anakulinda?

Ulaya walijifunza kwa machungu. Mwaka 2001 mahakama ya Uhispania ilimtia hatiani Mwingereza John Palmer kwa utapeli wa taimushea katika kisiwa cha Tenerife, akahukumiwa kifungo cha miaka minane. Leo, kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008, mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo.

Usidhani siku hizo 14 zinakufuata hadi Kigali. Uliza mkataba wako unasimamiwa na sheria ya nchi gani, na kesi itasikilizwa wapi. Hapa nchini mamlaka inayoshughulikia haki za mlaji ni RICA, na ni busara kubisha hodi kwao kabla ya kusaini kuliko baada ya fedha kuondoka.

Usiku ule kikundi chetu kiliomba kupewa mkataba tukausome nyumbani. Tuliambiwa hautoki ukumbini, na kwamba punguzo linaisha saa nne. Tulishukuru kwa chakula tukaondoka. Akiba ikabaki palepale, na tukafungua mfuko mdogo wa safari ambao kila mmoja anachangia kadiri anavyoweza.

Sisemi taimushea ni haramu. Familia inayokwenda pwani ile ile, wiki ile ile, kila mwaka, na yenye kipato cha dola, inaweza kufaidika, hasa ikinunua kwa mtu anayetaka kutoka. Marekani zipo zamu zinazotangazwa kwa dola 1 kwa sababu mwenyewe amechoka na ada. Bei hiyo ikufundishe kwamba kuingia ni rahisi kuliko kutoka.

Kwa hiyo msomaji, ukialikwa, nenda ule, lakini uwe na maswali haya mfukoni. Mwenye ardhi ni nani, na amebakiza miaka mingapi? Ada inapanda kwa kiwango gani, na nani anaamua? Nikifa, mwanangu anarithi haki au anarithi deni? Nikichoka, natokaje? Je, naweza kwenda na mkataba huu nyumbani kwa wiki mbili?

Akikujibu yote kwa maandishi, kaa naye mzungumze. Akikataa hilo la mwisho, usihangaike na mengine.