Tanga la Kichina: Namna boti ndogo inavyopunguza tanga kabla ya tufani

Na Mwandishi Wetu

MAJI ya Mto Mara yanayopita kando ya Kata ya Matongo, jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo wilayani Tarime, huishia Ziwa Victoria, karibu na daraja la Kirumi. Dagaa wanaouzwa Nyamongo husafiri kinyume cha maji hayo, kutoka mialo ya Rorya na Musoma. Ni nadra kwa mnunuzi anayepimiwa kopo lake sokoni kukumbuka kwamba dagaa hao walivuliwa katika usiku usio na mwezi, na kwamba usiku ndio wakati ambao ziwa hilo huwa na hila kubwa zaidi.

Sababu yake inafahamika. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka pande zote za pwani kuelekea ziwani, hukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Upepo huo huo ndio unaomsaidia mvuvi wa tanga kutoka, na ule wa mchana, uvumao kutoka ziwani, ndio unaomrudisha mwaloni. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa hilo, kwa nchi zote tatu zinazolimiliki. Si wote waliozama kwa sababu ya tanga. Hata hivyo, kwa yule anayetumia tanga, swali linalomtenga na kifo ni moja: je, ataweza kulipunguza kabla upepo haujamfikia?

Tanga la pembe tatu ni mgeni wa miaka isiyozidi 200 katika maji hayo, na lilifika na wafanyabiashara wa pwani. Henry Morton Stanley alipofika kusini mwa ziwa mwaka 1875 alimkuta mfanyabiashara aitwaye Songoro, ambaye alikuwa akijengewa jahazi huko Ukerewe. Ni tanga zuri. Hushika upepo vyema na huipeleka boti karibu na uelekeo wa upepo wenyewe. Kasoro yake ni foromali, yaani mti mrefu unaolibeba, ambao hutundikwa juu ya mlingoti mfupi. Upepo ukizidi, mabaharia wa majahazi walikuwa na desturi ya kuteremsha foromali yote na kufunga tanga jingine dogo. Kazi hiyo yahitaji watu kadhaa, nafasi na muda. Katika mtumbwi wenye watu watatu, gizani, huku turubai iliyolowa ikipigapiga, vyote vitatu hukosekana.

Wachina walilitatua jambo hili zamani sana. Tanga lao limegawanywa katika vipande kwa fito za mianzi zinazolikata kwa upana wake wote, kuanzia ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Juu kuna foromali, chini kuna boriti, na katikati fito tano au sita. Jarari, ile kamba ya kupandishia, ikilegezwa, kipande cha chini hujilaza chenyewe juu ya boriti kwa uzito wa fito. Ikilegezwa zaidi, cha pili hufuata. Kamba nyepesi zilizofungwa pande zote mbili hulipokea tanga kama mikono, lisimwagike majini. Msomaji anayelijua pazia la vibao la madirishani hahitaji maelezo zaidi: vibao vinashuka kimoja baada ya kingine, na anayevuta kamba haondoki alipokaa.

Watu wa pwani yetu huenda walikwisha kuyaona matanga hayo kwa macho yao. Misafara ya Zheng He, amiri jeshi wa Enzi ya Ming, ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, na twiga kutoka Malindi alipokewa China mwaka 1415. Matanga hayo hayakuigwa. Mtepe wa Lamu uliendelea na tanga lake la mraba la mkeka uliosukwa, na jahazi likabaki na lake.

Aliyelirudisha tanga hilo katika boti ndogo za zama zetu alikuwa Mwingereza, Luteni Kanali Herbert “Blondie” Hasler, mwanajeshi aliyeongoza shambulio la mitumbwi dhidi ya meli zilizokuwa bandarini Bordeaux mwaka 1942. Boti yake, Jester, ilikuwa na urefu wa meta 7.6 tu. Aliiondolea mlingoti wa kawaida na kuifunga tanga la Kichina, na mwaka 1960 akaingia nayo katika mashindano ya kwanza ya mtu mmoja mmoja kuvuka Atlantiki. Alimaliza wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester aliyetumia 40 katika boti kubwa zaidi. Kilichowashangaza mabaharia wenzake hakikuwa kasi. Kamba zote zilimfikia kwenye tundu la sitaha alimoketi, hivyo hakulazimika kwenda omo kupambana na turubai wakati wa dhoruba.

Kuibadili boti si kubadili kitambaa peke yake. Mlingoti wa kawaida hushikiliwa na waya kutoka ubavuni na omo; wa Kichina husimama peke yake kama mti, ili tanga liweze kuzunguka bila kizuizi. Kwa hiyo nguvu yote ya upepo huangukia sehemu mbili: kwenye mkuku, mguu wa mlingoti unapokaa, na kwenye tundu la sitaha unapopita. Tundu hilo lisipoimarishwa kwa mbao nene, litapasuka. Mtumbwi usio na sitaha ungehitaji ubao imara wa kukingama, uliofungwa barabara kwenye mbavu zote mbili.

Mahali pa mlingoti ndipo wengi hukosea. Boti iliyokuwa na matanga mawili sasa itakuwa na moja, na sehemu ndogo ya tanga hilo hukaa mbele ya mlingoti. Msukumo wa upepo sharti ubaki karibu na pale ulipokuwa mwanzo, na kwa kawaida hilo humaanisha kuusogeza mlingoti omo. Msukumo ukikaa nyuma mno, boti hugeukia upepo na usukani huwa mzito. Ukikaa mbele mno, hukataa kupanda upepo. Demani nayo haifungwi pembeni pekee bali hugawanyika na kushika fito kadhaa, hivyo mzigo husambaa. Ndiyo maana kitambaa cha bei nafuu hutosha, na kipande kikipasuka vingine huendelea kuvuta.

Lina dhila zake. Tanga bapa la aina hii hubisha upepo kwa uvivu kuliko la pembe tatu, ingawa mafundi wa miongo ya karibuni wamepunguza kasoro hiyo kwa kukishona kila kipande kikiwa na tumbo kidogo. Ni zito kupandisha, na jarari hupitishwa katika makapi mara kadhaa ili mtu mmoja aliweze. Kamba ni nyingi, na zinasuguana.

Jaribio la kwanza hufanywa boti ikiwa bado imefungwa ufukweni, siku ya upepo wa wastani. Tanga hupandishwa lote, kisha jarari huachiwa ghafla. Vipande vyote vinatakiwa kulala vyenyewe bila kuvutwa na mtu. Kimoja kikigoma, kamba hupangwa upya, na boti haitoki.