Je, Wajua? Dakika Mbili za Jua la Machweo

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mwambao wetu haina machweo ya baharini? Kuanzia Lamu hadi Mtwara, bara inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza majini na kutua nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba. Anayetaka kuliona likizama baharini huvuka kwenda upande wa magharibi wa visiwa: Mji Mkongwe, Kendwa na Nungwi kule Unguja, au pwani ya magharibi ya Pemba. Dar es Salaam nayo ina upande wa ndani wa rasi ya Msasani, ambako jua hutua ng'ambo ya ghuba. Wakazi wa Paje na Jambiani, walio mashariki mwa Unguja, hawajanyimwa kitu. Ile picha ya umbo jeusi mbele ya anga lenye rangi wanaipata alfajiri, wavuvi wanapotweka matanga.

Jua la huku halimsubiri mtu. Zanzibar iko kiasi cha nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na hapo jua hushuka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi ule wa juu upotee, hupita dakika 2 na ushei. London mwezi wa Juni, jua hilohilo hushuka kwa mshazari na kuchukua zaidi ya dakika 4. Ndiyo maana mpiga picha wa Forodhani, Mji Mkongwe, anapaswa kuwa ameshachagua mahali pake na ameshamjua mtu wa kumpiga picha kabla jua halijakaribia maji.

Na je, wajua kwamba jua unaloliona likigusa bahari kwa kweli limeshazama? Hewa huupinda mwanga unaopita karibu na upeo wa macho, na kuuinua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kipenyo cha jua machoni petu nacho ni kama nusu nyuzi. Kwa hiyo duara lote linaloonekana juu ya maji liko chini ya upeo; tunachopiga picha ni mwanga uliopindishwa na hewa. Sehemu ya chini ya jua huinuliwa zaidi kuliko ya juu, na hapo ndipo linapopata ule ubapa wake wa dakika za mwisho.

Mahali jua linapotua napo huhama. Katika mwaka mmoja jua husogea nyuzi 47 hivi kwenye upeo wa magharibi. Mwezi wa Juni, kusi ikivuma, hutua kaskazini ya magharibi kamili. Desemba, wakati wa kaskazi, hutua kusini yake. Mnara au mnazi uliokaa sawasawa mbele ya jua mwezi wa Machi hautakuwa hivyo tena Juni.

Sasa tuje kwenye weusi wa umbo lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kamera hupima mwangaza wa mahali inapoelekezwa, kisha hujaribu kuufanya uwe wa wastani. Ikipimia uso wa mtu aliyelipa jua mgongo, uso utaonekana lakini anga litageuka jeupe na rangi zote zitapotea. Ikipimia anga, rangi hubaki na mtu anakuwa mweusi. Kwenye simu nyingi, gusa sehemu ya anga iliyo kando ya jua, shikilia kidogo, kisha teremsha alama ya mwangaza mpaka umbo liive weusi. Zima mweko. Zima pia HDR ikiwa simu yako inakuruhusu, kwa sababu kazi yake ni kukwangua giza na kuonyesha kilichomo ndani, na hapa hilo ndilo usilolitaka.

Weusi ukishafunika sura, nguo na tabasamu, kilichobaki ni mzingo peke yake, nao lazima ujieleze. Mwaka 2003 Mjapani Nobuyuki Kayahara alitengeneza taswira ya mchezaji ngoma mweusi anayezunguka. Watazamaji hawakubaliani anazungukia upande gani, kwa kuwa umbo lisilo na kivuli wala mkunjo halimwambii mtu mbele ni wapi. Mjerumani Lotte Reiniger aliijua nguvu ya mzingo zamani: filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu Mwanamfalme Achmed, yenye visa vya Alfu Lela Ulela, aliitengeneza kwa vikaragosi alivyovikata kwa mkasi kutoka karatasi nyeusi, na vingi kati ya hivyo huonekana kwa ubavu, pua na kidevu vikichomoza wazi.

Fanya vivyo hivyo. Mpige picha mtu akiwa amekupa ubavu, mikono ikiwa imeachana na kiwiliwili. Wawili wakisimama wamekumbatiana watatoka kama gogo moja. Waache mwanya ili mwanga upite. Piga magoti ili vichwa vipande juu ya mstari wa bahari. Kwa maoni yangu hakuna chombo kinachostahili picha hizi kuliko ngalawa: mlingoti, foromali, tanga la pembe tatu na matengo yake mawili vyote vinasomeka hata kwa mbali. Ngoja tu ikupe ubavu. Ikikuelekezea omo, tanga hujikunja na matengo huchanganyika na mawimbi.

Wengi huamini kwamba moshi na vumbi ndivyo vinavyolipamba anga. Kumbe vumbi la karibu na ardhi hufubaza rangi. Hewa safi baada ya mvua, pamoja na mawingu ya juu yaliyotawanyika, ndiyo huwaka vizuri. Chembe za juu sana ni habari nyingine. Mlima Krakatau ulipolipuka huko Indonesia mwezi Agosti 1883, machweo yalikuwa mekundu duniani kwa miezi mingi. Novemba mwaka huo, zimamoto wa Poughkeepsie, Marekani, walitoka mbio wakidhani kuna nyumba inayoungua. Huko London, William Ascroft alichora anga la jioni kwa chaki za rangi zaidi ya mara 500.

Ukitaka jua kubwa nyuma ya mtu mdogo, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 50 huchora ndani ya kamera jua la nusu milimita. Ya milimita 400 huchora la karibu milimita 4. Lakini lenzi hiyohiyo hukusanya mwanga na kuutia jichoni, na jicho likiungua kwa ndani halitoi maumivu ya kukuonya. Jua likiwa bado kali, usilitazame kwa tundu la kioo la kamera. Panga picha yako kwa skrini.