Daktari aliyejiita Mwaminifu

Mpenzi msomaji, wiki hii tuwape likizo mastaa wa Dar na habari za nani kamwacha nani. Nina kisa cha huku kwetu Kagera. Ni cha daktari mkimbizi aliyeficha jina lake, na wanawake walioishi naye. Kina vita, kina msiba, kina na mtoto. Kaa mkao wa kula!

Daktari mwenyewe ndiye aliyeanzisha kituo cha Wajerumani pale ufukweni Bukoba, Novemba 1890. Shuleni tulimkariri kwa ajili ya mtihani tu: Emin Pasha. Basi, ikawa imetoka hiyo. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo jina alijipachika mwenyewe ukubwani.

Kwao aliitwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa 1840 huko Silesia, leo ni Poland, kwa wazazi Wayahudi, akabatizwa akiwa mtoto. Alisomea udaktari akahitimu 1864, lakini akanyimwa nafasi ya kufanya mtihani wa serikali, kwa hiyo kutibu kwao ikawa haiwezekani. Jamaa akafungasha virago, akaenda kutafuta maisha katika dola ya Waturuki. Akajifunza lugha zao, akavaa kama wao, akajiita Mehmet Emin. Emin ni lile lile Amin, yaani mwaminifu. Sisi wa Kagera tulimpata Amin mwingine 1978, na uaminifu wake tuliuona!

Sasa sikia huo uaminifu. Daktari alikuwa mtu wa nyumbani kwa mkubwa mmoja, Ismail Hakki Pasha. Mkubwa akafariki 1873. Daktari akamchukua mjane na watoto, akaenda nao kwao katika mji wa Neisse, akawatambulisha kwamba ndiyo familia yake. Septemba 1875, huyo! Katoweka. Kuja kuonekana, yuko Misri, mara Khartoum. Mama wa watu kaachwa ugenini, kwa wakwe ambao si wakwe.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kweli, lakini jina linafichika vizuri sana.

Mwaka 1876 Gordon, Mwingereza aliyelitawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri, akampa kazi ya udaktari. Kufika 1878 daktari ndiye gavana. Jimbo lenyewe leo ni Sudan Kusini na kipande cha kaskazini mwa Uganda. Mambo yakaharibika 1881, Mahdi alipoanzisha vita Sudan. Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Daktari wetu akabaki huku kusini, njia ya Misri imefungwa, akirudi nyuma mpaka Wadelai kando ya Mto Nile. Ulaya wakawa wanaulizana: huyu mtu yu hai au kafa?

Alikuwa hai, na alikuwa na mtu. Anaitwa Safaran, mwanamke wa Kihabeshi. Katikati ya vita hiyo, mwaka 1884, wakapata binti wakamwita Ferida. Safaran hakuuona mwisho wa safari. Alifariki 1887, mwaka mmoja kabla Stanley hajafika na msafara wa kuwaokoa. Hapo ndipo roho inaniuma. Daktari alikuwa bingwa wa kukusanya ndege na wadudu, na kurasa kibao zimeandikwa juu ya ndege wake. Safaran anapata mistari michache tu.

Aprili 1889 watu wapatao 1,500 waliondoka Ziwa Albert kwenda pwani. Ferida, mtoto wa miaka kama minne hivi, hana mama, alikuwemo. Walipita Ankole, wakaingia Karagwe, wakapita kando ya Ziwa Burigi, lile la huku upande wa Muleba, ambalo siku hizi lipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Desemba wakafika Bagamoyo. Usiku wa sherehe ya kuwapokea, daktari, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani akapasuka fuvu. Akapona.

Ungedhani sasa atatulia na mwanawe. Wapi! Aprili 1890 alirudi ziwani kwa kazi ya Wajerumani, akamwacha Ferida pwani. Baadaye mtoto akapelekwa Ujerumani kulelewa na dada wa daktari, mjini Neisse. Ndiyo, Neisse ile ile alikomtelekeza mjane!

Usimhukumu haraka lakini. Februari 1891 aliondoka Bukoba kuelekea magharibi, na huko ndui ikaupiga msafara. Desemba akamwamuru msaidizi wake, Stuhlmann, aondoke na walio wazima. Yeye akabaki na wagonjwa. Kwa wagonjwa alikuwa Emin kweli kweli. Tarehe 23 Oktoba 1892 akauawa Kongo na watu wa wafanyabiashara wa watumwa na pembe.

Kisa hiki kisingenigusa hivi kama nisingekuwa na shangazi Muleba. Aprili 1994, Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Wengi walikaa makambini, wachache wakapenya vijijini. Mmoja alikuwa akichoma sindano na kutoa dawa usiku, watu wakimwita Dokta. Shangazi akampenda. Jina alilompa lilikuwa la Kihaya, la kuazima. Serikali ilipotangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996, Dokta akaondoka alfajiri moja. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nilimuuliza: Shangazi, yule mtu alikupenda au alikuwa anajificha tu kwako? Akaendelea kumenya ndizi, kisha akasema: "Alinipenda mwanangu. Ila hakunipa jina."

Jamani, vita ni vita. Mtu anayewindwa ana haki ya kuficha jina lake kwa mjumbe, kwa polisi, hata kwa padri. Simlaumu. Lakini kwa yule anayekupikia, anayekuficha uvunguni, anayebeba damu yako tumboni, lisemee sikioni hata mara moja, usiku, taa imezimwa. Nawe dada unayezimikia mgeni leo, awe daktari, mkandarasi au dereva wa masafa, usiishie kuuliza anafanya kazi gani. Muulize kwao ni wapi na anaitwa nani. Akikasirika, umeshajibiwa.

Binamu yangu sasa ni mtu mzima. Kila akijaza fomu anaenda mbio mpaka kwenye "jina la baba", hapo kalamu inasimama, halafu anaandika lile la kuazima. Ferida baba yake alikufa mbali, lakini majina yake yote mawili yanajulikana. Binamu yangu anatafuta moja tu.